Nimewekewa insuleshen ya bure, nyumba ikawa ya moto, sasa ukuta wa chumba cha mama umeota ukungu. Mliopitia hii kitu Uingereza njooni

MtuWaMakadara · 9 Nov 2025, 23:41

Salama humu? Poleni na baridi wale wa huku. Naandika niko breki kazini so mtanisamehe nikikatiza.

Iko hivi. Mwezi wa saba alikuja jamaa mlangoni, kishikwambi mkononi, kitambulisho shingoni, akanambia nyumba yangu inaweza kupata insuleshen bure, yaani kujaziwa pamba ya kuzuia joto lisitoke, sitoi hata peni, ni mradi unaitwa ECO4. Mimi nikajua ni wale wale wa kuuza intaneti nikamwambia sitaki, wife akatoka jikoni akamwita arudi. Nyumba yetu ni semi (imeshikana na ya jirani upande mmoja) ya 1936 hapa Leicester, EPC yake (cheti cha matumizi ya nishati, A nzuri G mbaya) ni E, na wife anapata Universal Credit, hela ya msaada ya serikali, kidogo juu ya watoto, kumbe hivo viwili ndo alivyokuwa anavitafuta.

Baada ya wiki mbili akaja mama mmoja kufanya savei, huyo alikuwa mtu wa kazi kweli, masaa mawili na nusu anapiga picha kila rejeta (vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba) kila dirisha, anainama na tochi kuangalia nafasi iliyoko chini ya milango. Akapanda lofti, ile nafasi kati ya dari na paa, akachomeka rula kwenye pamba ya zamani, milimita 70, nyeusi kama masizi ya jiko la makaa. Akasema inatakiwa ifike 270. Ukuta akasema ni kaviti, yaani kuta mbili zenye uwazi katikati, na huo uwazi uko tupu, utajazwa. Na bafuni na jikoni kutawekwa feni za kutoa hewa, hilo alilisema mara mbili, nalikumbuka vizuri sasa kuliko nilivolisikia siku ile.

Sharti ni lofti iwe tupu kabisa. Sasa lofti ya Mswahili mnaijua. Mapipa mawili ya buluu ya kutuma nyumbani, tv, cherehani ya shangazi, mazulia, mabegi ya watu waliopita kwangu 2017 hawakurudi. Vyote vikashuka kwenye korido na hapo ndo vipo mpaka leo, ukitaka kwenda chooni usiku unapita kiubavu.

Mwisho wa Agosti wakaja. Lori nje, mpira kama wa zimamoto, wanatoboa matundu kwenye yale maungio ya tofali, kila tundu kama sarafu ya shilingi ishirini, wanapuliza, wanaziba, wanasonga. Saa kumi jioni washaondoka. Nikauliza feni? Wakasema hiyo ni timu nyingine, itakuja wiki ijayo.

Nyumba ikawa ya moto jamani, sikatai. Tulikuwa tunaweka 21 na bado watu wanavaa makoti, sasa 18 inatosha. Lakini tangu wiki ya mwisho ya Oktoba madirisha asubuhi yanatoka jasho mpaka maji yanasimama kwenye kizingiti, na chumba anacholala bi mkubwa (kaja kututembelea tangu Septemba) nyuma ya kabati kumeota ukungu mweusi, kwenye kona kama mtu kapaka wanja. Na anakohoa. Kampuni nikipiga ni muziki tu, wakipokea timu ya feni inakuja wiki ijayo.

Swali langu, ni hii insuleshen ndo imeleta balaa? Niwaambie waje waitoe ukutani?

ShemejiWaTaifa · 9 Nov 2025, 23:58

Vya bure hivyo mkuu. Hukuambiwa bure ni ghali?

FundiMsafi_Cov · 10 Nov 2025, 06:12

Kaka Makadara usitoe kitu bado. Hii ndo kazi yangu, mwaka wa tisa sasa, lofti na kaviti, niko Coventry.

Ukungu haujaletwa na pamba. Ukungu unaletwa na maji, na hayo maji ni yenu wenyewe, watu wanapumua, wanaoga, wanapika, wanaanika nguo juu ya rejeta. Zamani huo mvuke ulikuwa unatoka kwenye nyufa na baridi ilikuwa inaingia humohumo, nyumba mbovu inajipumulia yenyewe. Sasa wamekuzibia nyufa ila hawajakupa pua, mvuke unazunguka ndani unatafuta sehemu iliyo baridi kuliko zote, dirisha, kona ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati ambako hewa haizunguki, unatua hapo unakuwa maji. Ndo maana yule mama wa savei kakuambia feni mara mbili. Mwongozo tunaoufuata sisi unaitwa PAS 2035 na unasema wazi, kabla hujaongeza insuleshen hakikisha hewa ya nyumba inatosha, kama haitoshi irekebishe kwenye kazi hiyohiyo, siyo wiki ijayo.

Nijibu haya. Juu ya fremu za madirisha kuna vile vitundu vyembamba vya kufungua na kufunga, viko wazi? Milango ya ndani, chini kuna nafasi ya kama sentimita moja au zulia linagusa? Alafu panda lofti na tochi, nenda mpaka pale paa linapokutana na ukuta, angalia kama unaona mwanga wa nje. Kama pamba imesukumwa mpaka mwisho ikaziba, mbao za paa zitaoza, inatakiwa iachwe nafasi ya milimita 50 hivi hewa ipite. Lofti yenyewe inatakiwa iwe baridi na iwe na upepo, watu wengi hawaelewi hapo, kinachofunikwa ni dari siyo paa.

Na usikae kimya kwenye simu. Andika imeili.

RehemaBarking · 10 Nov 2025, 08:30

Pole kaka, na mpe pole bi mkubwa. Ila wewe una bahati ukuta wako ni kaviti. Sisi mtaani kwetu nyumba ni za miaka ya 1890, ukuta hauna uwazi katikati, kwa hiyo wanachofanya wanakubandikia mabodi nje nyumba nzima alafu wanapiga plasta juu. Jirani yangu ilivowekwa ilikuwa inang'aa kama ya Masaki, wote tukamuonea wivu, mwaka wa pili maji ya mvua yanaingia nyuma ya bodi pale juu kwenye ukingo wa paa kwa sababu hawakurefusha ule ukingo, ndani plasta inamomonyoka.

Na siyo yeye peke yake. Mwezi uliopita NAO, yaani CAG wao, katoa ripoti, nyumba zilizowekewa insuleshen ya nje ya ukuta chini ya ECO4 na ule mradi mwingine wa Great British Insulation Scheme, asilimia 98 zina kasoro kubwa za kurekebishwa. 98! Ni nyumba kama 22,000 mpaka 23,000. Zile za kubandikwa upande wa ndani wa ukuta ni asilimia 29. Mimi nikasoma mara mbili nikidhani macho.

ShemejiWaTaifa · 10 Nov 2025, 08:41

98 hata mwalimu wetu wa hesabu hakuwahi kutufelisha hivo

FundiMsafi_Cov · 10 Nov 2025, 12:20

Dada Rehema ni kweli na sisi wa kazi tunaona aibu. Lakini watu wasichanganye, hiyo 98 ni ya nje ya ukuta. Lofti na kaviti ni kazi nyepesi zaidi, ikifanywa na mtu anayejua haina shida. Tatizo ni mkondo mrefu, kampuni ya umeme inalazimishwa kisheria kutoa hela (na inaipata kwetu sote kwenye bili, tusijidanganye ni ya serikali), inampa mkandarasi, naye anampa mwingine, yule wa mlangoni analipwa kwa kila jina analoleta, na fundi wa mwisho analipwa kwa nyumba siyo kwa saa. Hapo feni ya bafuni nani atairudia?

MamaSwafia · 10 Nov 2025, 13:05

Naomba kuuliza kwa wanaojua. Ntajuaje nyumba yangu ni kaviti au ni tofali tupu? Niko Reading, mwaka wa nyumba siujui.

FundiMsafi_Cov · 10 Nov 2025, 13:40

Toka nje uangalie tofali mama. Kama zote zimelala kwa urefu, ndefu ndefu ndefu, uwezekano mkubwa ni kaviti. Ukiona ndefu, fupi, ndefu, fupi, ile fupi ni kichwa cha tofali lililolala kuvuka ukuta, hiyo ni ukuta mmoja. Nyumba za kabla ya miaka ya 1920 nyingi ni za hivo. Alafu angalia kama kuna alama za matundu yaliyozibwa, kama mistari ya vifungo vya shati, basi ilishajazwa zamani. Na asikubali mtu kujaza kabla hajatoboa tundu moja akaingiza kamera, ile kama ya kupimia watu tumbo, aone ndani kuna vifusi au maji. Ukuta unaopigwa na mvua ya upepo na maungio yake yamelika, huo usijaze kwanza, ziba maungio.

MtuWaMakadara · 10 Nov 2025, 19:52

Wadau. Nimefanya alivosema fundi, na aibu imenikuta.

Lofti sawa, mwanga naona pande mbili, upande wa tatu pamba imesukumwa imeziba, nimeivuta kidogo kwa fimbo ya ufagio. Milango ya juu yote zulia linagusa. Nikaenda madirishani. Chumba cha mama vile vitundu vya juu sivioni. Nikapanda kiti. Vimezibwa na kanga. Kanga imechanwa vipande, imekunjwa vizuri, imechomekwa na kisu cha siagi kwenye vitundu vyote vitatu, na bafuni pia kazibia. Namuuliza mama, ananiambia "mwanangu nyumba yako ina matundu, upepo unaingia, nimekuzibia, we umeshindwa miaka yote hiyo?" Alikuwa anasubiri ashukuriwe.

Na nguo za watoto wanne zinaanikwa wapi? Chumbani kwake, kwa sababu ndo chumba chenye rejeta kubwa.

ShemejiWaTaifa · 10 Nov 2025, 19:55

🤣🤣🤣 retrofit ya bi mkubwa, bila ruzuku

RehemaBarking · 10 Nov 2025, 20:10

Kisu cha siagi! Mwambieni mama nampenda. Jamani mamake wa mtu mwenye akili akikuta upepo unaingia atafanya nini sasa? Hakuna aliyemwambia ni vya nini.

FundiMsafi_Cov · 10 Nov 2025, 21:33

Haha. Mwambie bi mkubwa shikamoo yake. Lakini kaka usije ukawaambia kampuni "ni mama aliziba" wakakuponyoka. Feni ziko kwenye mpango wa nyumba yako, hazijawekwa, kazi haijakamilika, nukta. Hata vitundu vikiwa wazi, bafu la watu saba bila feni halikauki.

Fanya hivi. Andika kwa kampuni kwa maandishi, weka tarehe waliyokuja, picha za ukungu, na omba nakala ya savei na ya mpango wa nyumba, ni haki yako. Uliza namba ya cheti cha TrustMark (wale wanaosajili mafundi na kazi zao) na karatasi za garanti, ya kaviti huwa ni miaka 25. Wasipokujibu unawafuata TrustMark wenyewe, wao wana utaratibu wa malalamiko, ndo maana kila kazi ya ECO4 inatakiwa isajiliwe kwao. Kama hawajaisajili hapo ndo utajua uko na watu gani.

Mama akianza kukohoa sana mpeleke kwa GP, daktari wa mtaa, na aandikiwe kwamba anaishi kwenye ukungu. Msafishe ule ukungu, glavu na barakoa, kabati isogeze kutoka ukutani kiganja kimoja.

KijanaWaUbungo · 11 Nov 2025, 05:17

Nawasoma kutoka Dar. Yani watu mnaweka sufi kwenye dari ili msisikie baridi? Sisi huku bati linawaka saa nane mchana unaweza kukaangia yai chini yake 😅 hiyo sufi si ingetusaidia na sisi?

FundiMsafi_Cov · 11 Nov 2025, 07:02

Ingewasaidia. Pamba haijui joto wala baridi, inachelewesha tu joto kupita. Ukiweka chini ya bati mchana joto linabaki juu. Wazee wa makuti walilijua hilo zamani.

BisimwaGla · 11 Nov 2025, 22:46

Bandugu, miye ni mutu wa Bukavu, niko hapa Glasgow. Huku Scotland usingojee mutu wa mulango. Munapiga simu kwa Home Energy Scotland, ni bure, banakuuliza nyumba yako, mapato yako, kama iko mutoto ao muzee, kisha banakuonyesha njia. Miye niko mupangaji, ya kwangu ni ya housing association (shirika ya nyumba za kupanga), bo benyewe ndio banafanya. Wales iko Nest. Kila inchi na yake, musichanganye.

MamaSwafia · 12 Nov 2025, 09:15

Asanteni, tofali zangu ni ndefu zote na matundu hamna. Sasa shida yangu nyingine, mimi sina benefiti yoyote ya serikali na visa yangu ina ule mstari wa kutogusa fedha za umma. Kijana aliyekuja mlangoni ananiambia "jaza tu dada, tutakupitisha kwa kaunsili", yaani halmashauri. Niingie?

RehemaBarking · 12 Nov 2025, 09:48

USISAINI. Samahani kwa herufi kubwa. Yeye analipwa kwa jina lako, Home Office, wale wa uhamiaji, watakukuta wewe siyo yeye. Nenda Citizens Advice (ushauri wa bure) au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, umuoneshe jina kamili la mradi na fomu yenyewe, ndo uamue. Hiyo njia ya kaunsili ipo kweli, kaunsili inaweza kupitisha watu wenye kipato kidogo wasio na benefiti, kwa njia moja kipato cha nyumba nzima kisizidi pauni 31,000, lakini wewe habari yako ni visa siyo kipato. Na kama unapanga, mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi.

Otis_Columbus · 12 Nov 2025, 17:30

Habari zenu kutoka Ohio. Hapa kwetu mpango wa watu wa kipato kidogo ni Weatherization, uko tangu 1976. Mimi walikuja mwaka jana, wakafunga mlango wa mbele kwa turubai jekundu lenye feni kubwa, feni inavuta hewa yote nje, alafu jamaa akaniambia zunguka na mkono wako. Wee! Kwenye soketi za umeme nasikia upepo kama mtu ananipulizia. Chini ya sinki ndo usiseme. Hawakugusa pamba mpaka wameziba kwanza na wamepima hewa tena mwisho. Wanaojilipia wenyewe, ile nafuu ya kodi ya asilimia 30 mpaka dola 1,200 kwa insuleshen inaisha 31 Desemba 2025, ukiweka Januari umeikosa.

MtuWaMakadara · 12 Nov 2025, 23:50

Otis sisi hatukupimiwa chochote mwisho. Walipiga picha wakaondoka.

Imeili nimetuma jana usiku. Leo saa tatu asubuhi wamenipigia wao wenyewe, sauti laini kabisa, "sir". Miezi miwili na nusu nilikuwa namba, leo nimekuwa sir.

AbduHalisi · 14 Nov 2025, 14:02

Mimi naishi nyumba ya kaunsili, ukungu upo miaka mitatu, wanakuja wanapaka rangi. Na mimi niombe huu mradi?

RehemaBarking · 14 Nov 2025, 15:20

Wewe anza na mwenye nyumba ambaye ni kaunsili. Tangu 27 Oktoba mwaka huu kuna sheria ya Awaab, kwa jina la yule mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale 2020 kwa ukungu wa nyumba ya kupanga, wazazi wake walilalamika wakaambiwa ni namna wanavyoishi. Sasa kwa nyumba za kaunsili na za housing association, hatari ya dharura wanatakiwa kuichunguza ndani ya masaa 24, ukungu mkubwa ndani ya siku 10 za kazi. Ripoti kwa maandishi, tarehe ibaki. Na wakikwambia "fungua dirisha" waambie umefungua.

MamaSwafia · 27 Nov 2025, 10:11

Jamani mmesikia bajeti jana? Bi Reeves, waziri wa fedha, kasema ECO haiendelei baada ya Machi 2026. Wanasema bili zitashuka wastani wa pauni 150 kwa hilo na mengine waliyoyahamisha. Nimempata mshauri wa uhamiaji, nimeonana naye, nimeamua sigusi mradi wowote, nanunua pamba mwenyewe.

FundiMsafi_Cov · 27 Nov 2025, 12:45

Tumesikia dada, WhatsApp ya mafundi leo ni msiba. Kwa mliobaki England ipo Warm Homes Local Grant, hiyo ni hela ya serikali yenyewe kupitia kaunsili, EPC kuanzia D kwenda chini na kipato cha nyumba pauni 36,000 au chini, unaombea kwenye tovuti ya gov.uk siyo mlangoni.

Dada Swafia, fundi akinunua na kukuwekea VAT ni sifuri mpaka Machi 2027, ukinunua roli mwenyewe dukani unalipa 20. Kama utaweka mwenyewe, safu ya kwanza kati ya mbao, ya pili ipite juu kwa kukatiza. Chini ya tanki la maji baridi usiweke, acha joto la nyumba lipande hapo tanki lisigande. Taa za zamani zilizozama kwenye dari usizifunike. Waya wa umeme wa shawa uupitishe juu ya pamba, ukiuzika unachemka. Na akija mtu wa kupulizia povu chini ya paa mfukuze, mabenki mengi hayakopeshi nyumba yenye lile povu, utakuja kushindwa kuuza.

MtuWaMakadara · 6 Des 2025, 18:27

Wadau nimerudi. Feni zimewekwa juzi, bafuni na jikoni, na seremala kakata milango chini. Ya bafuni inajiwasha yenyewe ikisikia mvuke. Fundi wa feni kijana mdogo tu, kaweka karatasi ya choo kwenye feni ikanata hapohapo, akanambia ukiona haishiki unipigie. Cheti cha TrustMark wametuma, garanti ya kaviti imekuja kwa posta. Vitundu tumevifungua na kanga mama karudishiwa vipande vyake, hajafurahi, kasema ilikuwa doti ya harusi ya dadake.

Asubuhi dirisha kavu. Ukungu nimeusafisha haujarudi, wiki ya pili sasa. Kikohozi kimepungua. Malalamiko ya mama sasa hivi ni kelele za feni, anasema usiku inajiwasha hakuna mtu bafuni, anaisomea.

Lofti nayo, nilidhani nitarudisha mizigo. Fundi Cov kanambia inbox nisithubutu kuweka mbao na kukandamiza ile pamba, 270 ikibonyezwa ikawa 100 inapoteza sehemu kubwa ya kazi yake, labda ninunue vile vimiguu vya plastiki niinue sakafu juu yake. Sina hela hiyo sasa hivi. Kwa hiyo mapipa mawili bado yako korido, yamejaa, yamefungwa, moja nguo moja vyombo. Mwenye kontena la kwenda Mombasa linaloondoka kabla ya krismasi anitumie meseji, nitayaleta mwenyewe.

ShemejiWaTaifa · 6 Des 2025, 18:40

Mapipa bei gani mkuu, nina mtu Luton anapakia tarehe 14